Mkungu, Kibao na Joho la Umeya

Jumatatu, 3 Februari 2025

Barua! Imeletwa na mtu wa bodaboda, bahasha nzito, kurasa mbili. Mstari wa kwanza: Mheshimiwa Meya Farjallah. Ilibidi niketi. Tangu Katiba mpya ilipofuta mameya, mwaka 2013, hakuna aliyeniandikia hivyo. Hapa mjini Mzambarauni huniita Meya wakitaka kunicheka tu.

Wageni wanakuja Jumamosi. Mameya watatu kutoka ng'ambo, wanazunguka miji midogo ya pwani kuona inavyotunza mazingira na kujikinga na joto. Mji utakaowapendeza utapewa mradi: mitaro, miche, taa za sola. Na mwenye mji ataalikwa kwao akahutubie. Yaani mimi! Ukurasa wa pili sikuusoma. Wa kwanza ulikuwa umeshasema yote.

Nimemwambia mke wangu, Tima, atoe joho la umeya sandukuni. Akauliza kama sikutakiwa kulirudisha zamani, pamoja na mkufu na muhuri. Nikamjibu kwamba vitu vya heshima havirudishwi.

Jumanne, 4 Februari

Nimezunguka mji mzima kutafuta mazingira ya kuwaonyesha wageni. Nimeona jaa, mbuzi na soko. Hakuna hata kimoja kinachojieleza. Mji wa kijani sharti uandikwe ndipo ujulikane. Kibao! Futi kumi na mbili. MZAMBARAUNI MJI WA KIJANI. MTI NI UHAI. USIKATE MTI. Chini yake jina langu, kwa herufi kubwa kidogo kuliko zile nyingine.

Nimekichora nyuma ya ule ukurasa wa pili nikampa Mwambire, seremala. Akasema pa kukisimamisha ni mbele ya soko, penye barabara. Tatizo ni ule mti wa mkungu. Umetandaza matawi yake hapo tangu enzi za babu zetu, na kibao kitamezwa na majani. Nikamwambia basi mkungu utapisha.

Mwambire alinitazama sana. Akaomba nimsomee tena maneno ya kibao. Nikamsomea. Akaondoka akitikisa kichwa, lakini alikwenda kupima mbao.

Jumatano, 5 Februari

Kahonzi amesikia! Huyu ni mwenyekiti wa kina mama wa soko, anauza mchicha na mabamia chini ya mkungu mwaka wa ishirini sasa. Ndiye aliyenipinga nilipotaka soko liitwe jina langu. Leo amenijia barazani na wenzake kumi na mmoja. Shikamoo, Meya, kwa adabu zote. Kisha akasema mkungu ukikatwa, wao na mchicha wao watanyauka pamoja.

Nikamweleza kwamba yeye hafahamu mambo ya mazingira ya kisasa. Akakubali. Akasema yeye anafahamu kivuli tu. Wenzake wakacheka mpaka Tima akachungulia dirishani, naye akacheka. Kutoka hapo wakaenda kuketi kuzunguka shina la mkungu, na mpaka magharibi hakuna aliyenyanyuka.

Mimi, niliyevaa joho, nishindwe na wauza mboga? Ng'o!

Ijumaa, 7 Februari

Alhamdulillahi! Kahonzi amefiwa na shangazi yake huko Ganda. Kina mama wote wamekwenda matangani. Soko tupu. Nikatuma rambirambi, kisha nikamtuma Mwambire na msumeno wa injini.

Alidai kibali. Nikamwandikia, nikakipiga muhuri wa baraza la mji lililovunjwa miaka kumi na miwili iliyopita. Wino ulikuwa umekauka, nikautia mate. Ukatoka vizuri.

Mkungu ulianguka saa tano. Sikutarajia kishindo kile. Mara soko lote likawa jeupe kwa jua, nikaona mpaka ukuta wa nyuma, ambao sijapata kuuona maishani. Chini ya mti huo ndipo nilipotangazwa meya, marehemu mama akapiga vigelegele. Nilihuzunika. Naandika kweli, nilihuzunika sana, mpaka kibao kiliposimama. Kinaonekana toka kituo cha mafuta! Nguzo zake Mwambire amezichonga kwa mkungu wenyewe, kwa hiyo hakuna kilichopotea bure. Huko ndiko kutunza mazingira.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya balaa. Nimevaa joho saa mbili asubuhi. Ni la sufu nzito, jekundu, na mkufu juu yake. Saa nne nilikuwa nimelowa mpaka soksi.

Kahonzi alikuwa amerudi. Hakupiga kelele kama nilivyojitayarishia. Alikizunguka kisiki, akakishika, machozi yakamtoka. Afadhali angenitukana.

Wageni wakashuka garini: mabibi wawili na bwana mmoja, wakiongozwa na Nelly, binti wa Kilifi, mkalimani wao na mwandishi wa ile barua. Akaniamkia kwa heshima, akauliza mkungu uko wapi. Nikamwonyesha kibao. Akauliza mara ya pili. Ule mkungu wa kwenye ukurasa wa pili, alisema. Wamekuja kupima ubaridi wa soko lililo chini ya mti mkubwa, wakawaonyeshe mameya wenzao. Mzambarauni imeingizwa kwenye orodha kwa ajili ya mti huo, si kwa jingine.

Mwambire, msaliti mkubwa, akatoa karatasi mfukoni, akaigeuza, akaisoma kwa sauti. Upande mmoja mchoro wangu. Upande wa pili sifa za mkungu, na ombi kwamba mpaka wageni wafike lisiguswe hata tawi.

Kipimajoto kikasoma thelathini na tisa. Wageni wakatafuta pa kujisitiri. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha kibao. Wakapanga foleni ndani yake, mmoja nyuma ya mwenzake, na jua likisogea nao wanasogea. Nikaanza hotuba. Nilifika kwenye "mameya wenzangu", nchi ikazunguka.

Nilipozinduka nilikuwa chali. Kina mama walikuwa wameunganisha leso zao na kuzifunga kwenye fito juu yangu, na Kahonzi ananinywesha dafu. Wageni wote waliingia chini ya leso hizo, wakawapiga picha kina mama, wakawauliza maswali saa nzima. Mimi hawakuniuliza kitu. Sikumwomba mtu huruma! Dafu nililimaliza kwa adabu tu.

Jumatatu, 10 Februari

Nelly amepiga simu. Mradi umekwenda mji mwingine. Tima ananitaka niende sokoni nikaombe radhi. Siendi! Nani alimtuma Nelly aweke jambo la maana ukurasa wa pili?

Nguzo za mkungu zilikuwa mbichi, zimepinda. Kibao sasa kimeinama kama mtu anayesomewa makosa yake.

Jumatatu, 24 Februari

Kisiki kimechipuka! Machipukizi matatu, kijani kibichi. Kahonzi amekizungushia miba na anakimwagilia maji anayooshea mboga. Tima amesema Mungu ametupa nafasi ya pili, kwa hiyo nikae mbali na soko.

Nafasi ya pili! Hapo ndipo aliponiamsha. Nimewaandikia wageni upya, ukurasa mmoja tu. Waje waone mti unaofufuka chini ya uongozi wangu. Na sharti wakute kibao kipya: MACHIPUKIZI YA MEYA FARJALLAH. USIYAGUSE.

Mara hii nguzo za chuma. Mwambire amepima uwanja wote. Anasema pa kuchimba shimo ambapo kibao kitaonekana vizuri na wanaoingia sokoni ni mahali pamoja tu, palipo na kisiki. Amenitazama sana tena.

Alhamisi Kahonzi na wenzake wanakwenda harusini Kaloleni. Nimemwambia Mwambire aje siku hiyo, na shoka.