Tambi za Asubuhi ya Komunyo

Jumapili, 2 Juni

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Kila Jumapili asubuhi, Bibi anapoweka mezani tambi zake za samaki wa moshi, mimi huzisahihisha kichwani. Natabasamu, nasema ahsante Bibi, kumbe moyoni nimeshika kalamu nyekundu. Kitunguu kimekatwa kikubwa. Tomato sosi imewahi kuingia. Pilipili mbuzi imetolewa mapema. Ningempa saba juu ya kumi. Labda saba na nusu, kwa kuwa ni bibi yangu.

Mimi mwenyewe sijawahi kupika tambi. Lakini nimezitazama zikipikwa miaka mingi, na mtu msomi hujifunza kwa kutazama.

Leo limetokea jambo kubwa. Bibi ameweka uma chini, akatuonyesha kifundo cha mkono kilichovimba, akatangaza kwamba Jumapili ijayo, siku ya komunyo ya kwanza ya mdogo wangu Mirlanda, mwiko utashikwa na mtu mwingine. Hapa Jakmèl, kwetu Haiti, wageni wakitoka misani siku kama hiyo hula tambi, na wakishashiba huuliza nani kapika. Hapo mpishi huitwa kwa jina, atoke jikoni, apigiwe makofi. Nina miaka kumi na sita. Jina langu huitwa darasani tu, siku ya kusomwa alama. Nataka liitwe mara moja kwa ajili ya kitu chenye harufu.

Nilifungua mdomo. Binamu yangu Guerlande, anayeishi nasi na ambaye haya haimjui, akaniwahi. "Mimi hapa, Bibi." Alikuwa bado anatafuna.

Mimi nikaomba maji.

Jumatatu, 3 Juni

Nimetunga hotuba. Ina utangulizi, hoja na hitimisho. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kuku. Walisikiliza vizuri, isipokuwa mmoja.

Mwishowe niliuhutubia mgongo wa Bibi, akiwa anafagia ua. Sikuvuka utangulizi. Aligeuka akaniuliza kama mimi si yule Odelin aliyechemsha maji ya kahawa hadi sufuria ikaungua, eti kwa sababu alikuwa anamalizia ukurasa. Nikamsahihisha kwamba ilikuwa sura nzima. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mama, aliyekuwa anaanika nguo, akasema mtoto naye aachwe ajaribu, kwani nyumba hii imeshakula vibaya na bado iko hai. Ni vizuri kuungwa mkono na mzazi.

Uamuzi: Guerlande atapika Jumatano, mimi Alhamisi, kisha Bibi atachagua. Guerlande alinigonga begani akaniambia nijiandae, maana tambi hazina majibu nyuma ya kitabu. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa msalani. Lilikuwa jibu zuri sana.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi hii Guerlande amepika tambi za soseji. Soseji! Kila mtu alikwangua sahani. Mimi nilikula sahani mbili, kwa ajili ya uchunguzi. Uchunguzi unaonyesha kwamba ana bahati.

Njiani kwenda shule, mpango wa kwanza. Jirani yetu Madan Théogène huuza samaki wa moshi barazani kwake. Nilikwenda kumwomba asimuuzie Guerlande hata mkia hadi Jumapili ipite. Nikafika. Nikasimama mbele yake. Akaniuliza kama nimekuja kununua samaki au kumkinga jua. Nikanunua samaki. Akauliza Mama hajambo. Nikanunua wa pili. Niliondoka na furushi bila kutamka hata neno moja la mpango. Nilipofika kona ndipo nikakumbuka kwamba Guerlande anapika kwa soseji, na samaki hawamhusu.

Samaki walishinda mkobani, katikati ya Kilatini na jiografia. Kufikia kipindi cha pili mwalimu alikuwa amefungua madirisha yote. Akauliza kwa upole kama kuna mtu amefiwa na hajazika. Darasa zima liligeuka kunusana. Mimi nilitazama ubao kwa uadilifu mkubwa.

Alhamisi, 6 Juni

Siku yangu.

Watu wote huloweka samaki wa moshi usiku kucha, kisha humwaga maji ili chumvi itoke. Nimelitafakari hilo. Chumvi ile kuna mtu aliiweka kwa makusudi, na alijua anachofanya. Kuimwaga ni kumvunjia heshima. Sikuloweka.

Nilikaanga samaki kwa vitunguu, nikatia tomato, nikatia tambi, nikageuza kwa mkono uliotulia. Sahani ilipendeza kama picha. Bibi alionja, akaweka uma chini, akaitazama kwa muda mrefu picha ya Moyo Mtakatifu ukutani. Mama alikunywa maji yake, kisha akanywa yangu. Mirlanda aliuliza kama huyu samaki alikufa kwa kiu. Guerlande hakusema kitu, na najua kunyamaza kulimtesa.

Nyumba moja haiwezi kuhukumu kwa haki. Kwa hiyo nilifanya kama desturi yetu inavyotaka, nikafunika sahani kwa kitambaa safi na kumpelekea jirani. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Jioni Madan Théogène aliileta yangu ikiwa na ndizi mbivu, na ujumbe kwamba tangu azaliwe hajaonja kitu cha namna ile, na kwamba nisijisumbue tena kumpelekea, kijana nina masomo. Mwanamke mwenye huruma na mwenye ladha.

Hata hivyo Bibi ameshaamua. Guerlande atapika. Mimi nitapepea mkaa.

Nilisema ndiyo, Bibi. Kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikakaa huko kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimewaza. Mpishi ni nani? Mpishi ni yule anayekutwa jikoni chakula kikiwa tayari. Hakuna sheria nyingine.

Guerlande ameshinda kwa msusi. Aliporudi nilimwambia kwa unyenyekevu kwamba kesho alale mpaka ashibe, ajipambe, apige pasi gauni lake polepole. Moto nitawasha mimi, na maji nitachemsha mimi. Alinikazia macho. "Odelin, adabu hizi umeziokota wapi?" Nikasema shuleni. Akaridhika.

Samaki wa pili nimemloweka kwenye beseni. Si kwamba Alhamisi nilikosea. Huyu ni mkubwa zaidi, na kiumbe mkubwa anahitaji kuoga.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka kabla ya jogoo. Mkaa ulishika mara moja, ishara njema. Nilichambua samaki nyuzi nyuzi, nikatoa miiba yote. Vitunguu vyembamba. Vitunguu saumu vilivyotwangwa. Pilipili mbuzi moja, nzima, ikikaa juu ya mchuzi bila kupasuka, maana ikipasuka hakuna atakayeweza kula. Haikupasuka! Tomato sosi mwisho kabisa. Nilipochanganya tambi, zilitoa harufu ambayo naamini haijawahi kutoka katika jiko lile. Nilisimama peke yangu nikajionea fahari mpaka macho yakalowa. Labda ulikuwa moshi pia.

Kisha nikagundua tatizo. Hakuna mtu wa kuonja. Kanisa linataka saa moja bila kula kabla ya kupokea komunyo. Bibi anataka tangu usiku wa manane, na nyumba ni ya Bibi. Nilikuwa nimepika tambi bora za maisha yangu asubuhi ambayo kila mdomo wa nyumba umefungwa, na wangu ukiwemo.

Mirlanda alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango wa jiko, gauni jeupe, soksi nyeupe, shela, mikono juu ya magoti ili gauni lisikunjike. Alisema, bila kugeuza shingo, "Kaka, zinanukia vizuri." Kila mtu angesema hivyo. Lakini Alhamisi ni yeye aliyeuliza habari za kiu, na nilihitaji afute usemi wake. Nikamweleza kwamba kunusa si kula. Akakubali. Nikamweleza kwamba na kuonja, kwa kweli, si kula, kwani mpishi huonja siku nzima na bado husema ana njaa. Akafikiri. Akafungua mdomo. Nikampa uzi mmoja wa tambi. Alifumba macho. Nikampa wa pili. Kisha akaninyang'anya uma.

Bibi aliingia. Aliona wekundu pembeni mwa mdomo wa mtoto.

Akauliza, umekula? Mirlanda amesoma katekisimu mwaka mzima, na hangeweza kusema uongo siku yake ya komunyo. Akajibu, "Nimekula, Bibi. Na ningekula tena."

Sijawahi kusifiwa hivyo. Wala sijawahi kuogopa hivyo.

Bibi alisema basi, hakuna komunyo leo. Mama alianza kuhesabu kwa vidole. Gauni limeshonwa na mama wa ubatizo, wageni wako njiani, mtoto amekariri sala zote. Mirlanda hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, na yeye akainamisha kichwa mbele ili yasidondokee gauni. Hapo nilitamani sufuria inimeze.

Tulikwenda kanisani. Bibi alinishika mkono wa shati njia nzima, hadi sakristia, mbele ya Padri Sainvil aliyekuwa anavaa mavazi ya misa. Mimi, ambaye siwezi kumwomba mwalimu ruhusa ya kutoka. Sikuwa na hotuba. Nikasema, "Padri, kosa ni langu. Mirlanda alikuwa ananusa tu. Mimi ndiye niliyemlisha." Sauti ilitoka yote. Halafu, sijui kwa nini, nikaongeza, "Na tambi zilikuwa nzuri."

Padri akauliza zilikuwa za nini. Nikamwambia. Akauliza kama pilipili niliiacha nzima. Nikasema nzima. Yeye naye alikuwa amefunga. Nilimwona akimeza mate. Kisha akamwambia Bibi kwamba komunyo huja mwisho wa misa, na hadi wakati huo saa moja itakuwa imepita. Bibi akajibu kwamba saa moja ni ya wavivu, na zama zao tone la maji lilitosha mtu kurudishwa nyumbani. "Mama," akasema Padri, "niachie mimi. Nitahubiri mpaka moyo wako utulie."

Na alihubiri. Alianza na Ibrahimu. Watu walijipepea kwa karatasi za nyimbo. Mtoto mmoja alilala, akaamka, akakuta Padri bado yuko jangwani na wana wa Israeli. Kila alipoelekea kumaliza alimtupia Bibi jicho, na Bibi alitikisa kichwa kidogo, bado. Parokia nzima iliteseka na hakuna aliyejua kwamba ni kwa sababu ya tambi zangu. Hatimaye Bibi aliinamisha kichwa. Padri akasema amina katikati ya sentensi.

Mirlanda alipokea. Alirudi kitini amefumba macho vile vile kama alivyofumba jikoni. Nililia, na sikujificha sana.

Nyumbani, pigo lingine. Tambi zilikaa sufuriani muda wote wa Ibrahimu na Musa. Zilikuwa zimevimba na kushikana, kitu kimoja, chenye umbo la sufuria. Guerlande alifunua, akanitazama. Alikuwa na haki ya kunipiga, na nywele zake mpya zilimzuia. Wageni walikuwa wameshaketi, na Padri miongoni mwao. Bila neno, alipindua sufuria juu ya ubao, akakata vipande kama mkate, akavikaanga kwa mafuta ya moto hadi kingo zikakauka. Akavipanga na mayai ya kuchemsha na parachichi. Wageni walikula, kisha wakaomba tena.

Padri akauliza nani kapika.

Guerlande akafuta mikono, akatengeneza nywele, akaanza kutoka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Ndipo Mirlanda, kwenye kiti cha heshima, shela kichwani, akasema kwa sauti ya sala, "Kaka Odelin ndiye aliyepika. Ndiyo maana nilikula."

Meza ililipuka kwa kicheko. Padri alipiga makofi, wengine wakamfuata. Walisema Odelin, Odelin, atoke tumwone. Nilitoa mkono mmoja tu mlangoni, nikaupunga.

Jumatatu, 10 Juni

Bibi ametoa hukumu. Mwiko ni wa Guerlande mpaka kifundo kipone. Mimi nisionekane karibu na sufuria yoyote, Jumapili wala sikukuu, mpaka nioe, na hata hapo aulizwe mke kwanza. Naruhusiwa kutwanga viungo tu, nikiwa nimekaa uani, mahali anaponiona.

Nimelitafakari hilo kwa utulivu. Tambi bila viungo vya kutwangwa ni nini? Ni uzi. Kwa hiyo ukiangalia vizuri, Bibi amenikabidhi roho ya chakula, na kumwachia Guerlande mwili. Nadhani ameona haya kunipandisha cheo mbele ya watu. Nimemwambia ahsante. Amenitazama kwa wasiwasi.

Wiki ijayo Padri Sainvil anakuja tena kula. Ameomba mwenyewe.

Jioni Bibi aliniletea kinu, vitunguu saumu, majani ya vitunguu na pilipili hoho, akanionyesha kiasi cha kila kimoja, akaingia ndani. Niliketi uani nikatwanga vyote mpaka vikalainika. Kisha nikaenda jikoni kimya kimya, nikachukua pilipili mbuzi mbili ambazo hakuna aliyeniagiza, nikazitwanga humo. Nikafunika bakuli kwa sahani, nikanawa mikono, nikafungua kitabu cha Kilatini.