Wavuvi wa Sikukuu na Jumamosi Yangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamka kabla ya Amedeus, makusudi, ili nimtazame. Analala mdomo wazi kidogo, kama kambale. Mume wangu. Nimelisema neno hilo kimya kimya mara kadhaa, mpaka akageukia ukutani.

Ana duka la zana za kuvulia hapa Ifakara, barabara ya Kivukoni. Dogo, lakini kila kitu kimo: ndoano za namba zote, mishipi, chubwi za kuzamisha, vyelezo vyekundu, na zile fimbo za kukunja zenye kigurudumu. Wenyeji hununua ndoano moja, wakaondoka. Wanaoliweka duka hai ni wavuvi wa sikukuu. Mabosi wa Morogoro na Dar, kofia pana, masanduku ya barafu, wanakuja kukaa juani kando ya mto Kilombero na kuita hayo mapumziko. Wana vifaa vya kila aina. Hawajui kuvua. Kwa hiyo wanamchukua mume wangu awaongoze. Kila Jumamosi! Tangu harusi sijapata Jumamosi hata moja.

Asubuhi mama kapiga simu kutoka kijijini kwetu, Mbingu. Jumamosi hii anatungoja, mimi na mkwe wake, ziara yetu ya kwanza tangu ndoa. Bata kashatengwa. Jumuiya nzima ya kanisani imeshaarifiwa. Dada Kandida naye anakuja na mumewe, Nickolaus, kutoka Chita. Huyo Nickolaus humshikia mkewe mwavuli hata kukiwa na mawingu. Siwezi kuingia pale peke yangu kama mtu aliyeachika. Kandida ataongea mpaka Pasaka.

Amedeus kakubali papo hapo. Kanishika mkono, kasema hata kesho yuko tayari. Nikayeyuka. Mara simu yake ikalia. Bwana William, afisa wa bima wa Morogoro. Anakuja na wenzake kwa Nane Nane, wavue Ijumaa na Jumamosi. Amedeus akanitazama mimi, akaitazama simu, akanitazama mimi. Akasema labda nitangulie, yeye atafuata Jumapili.

 Nilimpakulia wali mwingi kuliko kawaida. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata. Ni rahisi mpaka nacheka.

Nyuma ya duka kuna ndoo yenye udongo mbichi na nyungunyungu. Amedeus huwachimba kwenye majaruba ya mpunga wiki nzima, akawawekea wageni. Bila nyungunyungu hakuna chambo. Bila chambo hakuna uvuvi. Bila uvuvi, mume wangu anavaa suruali ya harusi na kwenda Mbingu.

Alipokwenda kununua mishipi sokoni, niliibeba ndoo mpaka kwa kuku wa mama mwenye nyumba. Sijawahi kuona kuku wenye furaha namna ile. Jogoo alikula mpaka akakaa chini.

Amedeus karudi, kaikuta ndoo tupu, kaniuliza. Nikasema labda wametoroka kwa sababu ya joto. Kafikiri, kasema inawezekana kabisa, mwaka huu joto limezidi. Anaamini kila ninachomwambia. Ni moja ya sababu za kuolewa naye.

Jumatano, 6 Agosti

Sabuni yangu ya kufulia haipo.

Nimeitafuta kuanzia kwenye beseni hadi kitandani. Kumbe mume wangu kakumbuka kwamba marehemu babu yake alikuwa akivua kambale kwa sabuni ya mche. Kaikata vipande vidogo, kaenda nayo mtoni alfajiri kujaribu. Saa tatu huyo anarudi, kambale wawili mabegani, wakubwa, mikia inagusa mapaja. Alikuwa anang'aa. Nilimkumbatia nikasahau kwamba nimekasirika.

Kisha akapiga picha, akaituma kwenye kundi la wale wavuvi wa sikukuu. Akaandika chini yake: siri ya babu. Mpaka mchana kundi lote limewaka. Bwana William alisema anakuja na gari moja. Sasa yanakuja matatu.

Mama mwenye nyumba kapita mlangoni, kauliza kwa nini siku hizi shati la mume wangu linanuka samaki na samaki wake wananukia shati. Nikamwambia shikamoo.

Nimepika kambale mmoja. Niliikodolea macho sufuria muda wote nikingoja povu. Halikutoka. Alikuwa mtamu sana, na hilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimeokoa ndoa yangu.

Amedeus alikuwa anaoga. Simu yake ikalia mezani. Bwana William. Mkono wangu ukapokea kabla sijafikiri.

Kasema shemeji habari, fundi yuko wapi, sisi kesho alfajiri tunaondoka. Nikamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba nasikitika, shemeji, samaki hawapo tena Ifakara. Wamehama. Akauliza tangu lini, maana jana tu kaona picha. Nikasema hao wawili ndio walikuwa wa mwisho kuondoka.

 Akauliza wamehamia wapi. Swali hilo sikujiandaa nalo. Wiki nzima nina jina moja tu kichwani, likatoka lenyewe: Mbingu. Akauliza kama fundi atakwenda nao. Nikasema fundi ana shughuli ya kifamilia, nzito kidogo. Akanipa pole. Akasema watajitegemea.

Amedeus alipotoka kuoga nikamwambia wageni wameahirisha. Kakaa kwenye kiti na taulo lake. Kasema sawa. Alikuwa ameshawapangia ndoano kila mtu na pakiti yake. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamkanda mabega badala yake.

Wakati naosha vyombo ndipo nikashtuka. Mbingu. Kwa mama. Jumamosi.

Sahani ilinitoka mkononi. Haikuvunjika, nikaichukulia kuwa ni ishara nzuri. Nimekaa nikalifikiria jambo hili kama mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne. Wao watakuwa mtoni, sisi tutakuwa nyumbani. Mbingu ni kubwa. Hatutakutana.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimekuwa na mume wangu kutwa nzima. Raha iliyoje.

Ila hatulii. Kakaa, kainuka, kaenda kufungua duka, kalifunga, karudi. Kaniuliza kama nasikia magari. Sikusikia. Na mimi situlii, kila gari likipita kuelekea Mbingu nachungulia. Tumekunywa chai mara nyingi kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya.

Jioni kafungafunga fimbo moja ya kukunja kwa karatasi ya maua. Zawadi ya baba. Baba yangu, Mzee Raimundi, ni mkulima wa mpunga, hajashika ndoano maisha yake yote. Lakini niliona jinsi Amedeus alivyokuwa anaikunja ile karatasi, kwa uangalifu, ulimi nje, nikalazimika kutoka nje kidogo nipumue.

Nimempigia pasi suruali ya harusi. Ile ya rangi ya maziwa.

Jumamosi, 9 Agosti. Mbingu

Naandika jikoni kwa mama. Niko peke yangu na sufuria.

Tumeshuka kwenye basi la Mlimba tukiwa tumependeza hivi kwamba konda alitushikia mlango. Mimi kitenge kipya, yeye suruali ya maziwa, fimbo ya baba begani. Kutoka pale hadi nyumbani ni kukunja tu kona. Nilikuwa nimeshamwona Kandida kichwani, uso wake unavyokunjamana.

Kando ya daraja, magari matatu.

Nilimvuta Amedeus upande wa pili, nikamwonyesha shamba la mtu, nikasema tazama mahindi. Lakini Bwana William alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, kofia imejaa ndoano, na alituona. Akaita kwa nguvu kwamba fundi huyo hapo. Akasema shemeji ni mtu wa ajabu, ndiye aliyetuelekeza, tuko hapa tangu jana na hatujapata hata wa kulamba.

Amedeus akanigeukia. Nilijua yamekwisha. Nikaanza kutafuta pa kuanzia.

Akasema, taratibu, macho yamelowa: kumbe ndiyo maana ulikuwa unanihimiza huku. Umewaleta wageni wangu huku huku kwenu, ili nisiwakose wao wala ukweni. Akasema hajui alimfanyia nini Mungu mpaka akapewa mimi.

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nikasema nilitaka iwe siri. Akanibusu kwenye paji la uso, mbele ya watu wa bima. Akasema atawaonyesha mara moja tu, kisha anakuja. Akanipa fimbo ya baba, akakunja suruali.

Kwa hiyo niliingia nyumbani peke yangu. Jumuiya nzima imekaa kwenye viti. Mama akatazama nyuma yangu, hakuona mtu. Kandida akapokea mzigo, akauliza kwa upole mume wako yuko wapi, mdogo wangu. Nikasema yuko mtoni. Akasema usijali, mtu aliyeoa mto lazima alale kwake kwanza, wewe ni mke mdogo. Akina mama walicheka kwenye khanga zao. 

Baba akaifungua ile fimbo. Akaigeuza. Akazungusha kigurudumu, kikalia. Akakizungusha tena. Akasema anakwenda kumsalimia mkwe. Nickolaus akasema atamsindikiza mzee. Mwavuli aliuacha mlangoni.

Hawakurudi. Bata akaiva, hawakurudi. Hatimaye mama akasema chakula kitawafuata, tukajitwisha mabakuli, wanawake wote, msafara.

Nilitamani ardhi inimeze kabla hatujafika. Amedeus alikuwa katikati ya maji, suruali imekunjwa mpaka mapajani, kifua wazi, kipande cha sabuni kinywani. Mkwe hawezi kuonekana hivyo na mama mkwe. Aligeuka, akamwona mama kwenye ukingo, na bakuli lake. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akazama. Polepole, mpaka kikabaki kichwa. Kichwa kikatema sabuni, kikasema shikamoo mama.

 Mama akageuza uso pembeni kama inavyopasa, akaitika marahaba, baba. Akawaambia wenzake huyu kijana ana adabu, hajapata kuona mkwe mwenye adabu namna hii. Akina mama wakapiga vigelegele. Amedeus alikaa majini vile vile mpaka mama alipomaliza kupakua na kuondoka.

Halafu baba akashika kambale. Kwa sabuni. Alipiga kelele kama mtoto, kisha akatuangalia kuona kama kuna aliyesikia. Kasema anataka mkwe huyu aje kila mwezi.

Mume wangu sikukaa naye hata dakika moja tangu tufike. Lakini Kandida naye yuko nje, amekaa na mwavuli, anamngoja Nickolaus.

Jumapili, 10 Agosti

Misa, kisha basi. Amedeus kalala begani kwangu njia nzima. Ananukia sabuni na samaki. Suruali ya maziwa sasa ni ya rangi ya chai. Sikuthubutu kusogea, mkono ulikufa ganzi mpaka Ifakara, na sijawahi kuwa na mkono bora kuliko huo.

Jumatatu, 11 Agosti

Duka limejaa. Watu wanataka siri ya babu. Amedeus kapanga miche ya sabuni kando ya ndoano.

Nimefikiria yote yaliyotokea na nimeona kosa liko wapi. Mbingu palikuwa karibu mno. Jumamosi ijayo nataka mume wangu, peke yake, bila kambale.

Bwana William kapiga kunishukuru. Kauliza shemeji, wiki hii samaki wako wapi. Safari hii nilikuwa tayari. Nikamwambia Chita. Nimechagua vizuri: ni mbali, na Kandida atajua utamu wa kuachwa na bakuli. Kasema anawaarifu wote.

Jioni mume wangu kaingia na tabasamu lile lake, mikono nyuma. Kasema kwa wema wangu amefikia uamuzi. Jumamosi duka linafungwa. Ameahidiana na Nickolaus, na nafasi za basi ameshashika. Tunakwenda kumtembelea dada Kandida, Chita, mimi na yeye tu.

Nilimkumbatia kwa muda mrefu. Nikatulia, nikafikiria.

Chita ni kubwa. Hatutakutana.