Mkono wa Shangazi Ubaki Dukani

Kwa Shangazi Zeina,
Mkurugenzi, Mhifadhi Mkuu wa Maarifa na mwenye ufunguo wa jiko,
Duka la Halwa, Malindi.

Shikamoo Shangazi. Natumai goti limepoa.

Mintarafu: Kufungwa kwa duka wewe ukiwa Umra

Nimesikia unasafiri na duka litafungwa mpaka urudi, manake hakuna mwengine aijuaye halwa yetu. Yaani Idd itaingia, Malindi nzima yatafuta halwa, na sisi tumekaa barazani twapunga upepo. Basi mimi mpwa wako, mkorogaji tangu nimalize shule, nalalamika kwa adabu zote:

1. Kila karai likikaribia kuiva, watwambia, "Nendeni mkaniletee chumvi." Twaenda wote. Tukirudi, halwa ishakuwa halwa. Sasa stoo yetu ina chumvi kushinda mashamba ya chumvi ya Marereni, na halwa haitiwi chumvi.

2. Ulipopata homa, mkorogaji mwenzangu Huzaifa alikisia vipimo. Mteja wa Matsangoni akarudisha bakuli, kijiko kimesimama ndani hakitoki, akauliza kama siku hizi twauza gundi. Hayo ndiyo mafunzo ya kazi tuliyopata mwaka mzima.

3. Mimi nikajisomea kwa simu, nikabuni halwa ya ukwaju. Ukauliza nani kaniruhusu, ukampa jirani yote. Jirani alipokuja kutaka tena, ukamwambia imekwisha duniani. Hongera kwa kukuza ubunifu.

4. Kwa vile wewe ndiwe idara ya utafiti, kabati la kumbukumbu na kufuli lake, ni hatari hata kuvuka barabara. Napendekeza tuktuk zote zisimame ukitoka nyumbani. Ndege hapana kabisa. Ukishikilia kwenda, nenda salama, ila mkono wa kulia ubaki dukani. Si wateja wote husema halwa ni mkono wako? Tutautunza. Tutautia hina.

Kama mkono hauwezekani, basi tufundishe. Sote, mlango wazi. Ukiondoka na ujuzi wote kichwani mwako, hapa pabaki masufuria tu.

Nisalimie Ami, wapangaji wa juu, na yule paka ambaye yeye hatolewi jikoni.

Mtiifu wako mwenye hasira,
Hafswa

Tanbihi: Mama kaingia sasa hivi. Asema wanitaka jikoni kesho alfajiri, peke yangu, unifundishe yote. Futa moja mpaka nne. Nimefikiri kwa utulivu, nikaona duka lolote la maana lahitaji siri. Mlango tuukomee kwa ndani. Huzaifa akiniuliza, mimi hata iliki siijui.