Nyuki Wamenivua Suruali Ukweni

Jamani, leo nimepatikana! Naandika kwa jicho moja, lingine limejifunga lenyewe. Nipo kwenye kibanda cha intaneti hapa Bariadi mjini, na mwenye kibanda ameniuliza kama nimegongwa na lori la pamba. Nimemjibu ndiyo. Ni rahisi kuliko kumweleza ukweli.

Ukweli ni huu. Mnamfahamu Minza wangu. Leo asubuhi nilikwenda kwao, Ipililo, pamoja na mjomba wangu Limbu, kujitambulisha rasmi. Baba yake, Mzee Ngassa, alishamkataa mposaji mwingine, mnunuzi wa pamba wa kampuni binafsi, mwenye gari. Mimi nina baiskeli. Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho yule hana: mzee alihudhuria semina yangu kule Malampaka, ile ya huduma ya kwanza kwa mtu aliyeumwa na nyuki. Alikaa mbele kabisa na kusikiliza kuliko wote (wengine walikuwa wanasubiri soda). Alirudi nyumbani akisema, "Yule kijana ana akili." Nilikuwa naenda kuoa kwa sifa hiyo, sina nyingine.

Basi nikajipamba. Suti nyeusi ya mtumba, ya sufu, suruali pana ya kutosha watu wawili. Manukato mpaka mjomba akapiga chafya. Shingoni nikaning'iniza kitambulisho changu cha plastiki ngumu kilichoandikwa MKUFUNZI. (Kwenye semina nilisema wazi: penye nyuki usivae nguo nyeusi za sufu, usijipulize manukato. Nilisema mimi. Kwa mdomo huu huu uliovimba.)

Mzee Ngassa akatupokea kwenye uzio wa minyaa. "Mwangaluka, mwalimu!" Nikaitikia kwa adabu zote. Mama mkwe sikumwona, wala sikumuulizia. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani hovyo. Akisikia unakuja anajificha, na mkikutana njiani unampisha porini. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Kumbe kwenye minyaa kuna chungu kilichopasuka, na ndani yake kuna nyuki. Mmoja akaja kunusa kola yangu. Nikampiga kofi.

"Mwalimu, ulisema tusiwapige!" mzee akapaza sauti.

Nilishachelewa. Wakaja ukoo mzima, wakaniuma jicho na mdomo! Nikaanza kurusha mikono kama ninayefukuza ndege shambani. Mjomba Limbu, mshenga wangu, msemaji wangu, nikamwona kwa mbali akivuka shamba la mahindi bila kuaga.

"Usipunge mikono! Funika uso, kimbia moja kwa moja, ingia ndani!" Mzee alikuwa anarudia somo langu lote, neno kwa neno, huku amejifunika blanketi, salama kabisa.

Nikakimbia. Nikaingia mlango wa kwanza niliouona. Ni chumba walichorundika pamba wakisubiri bei ipande. Mzee akaufunga mlango kwa nje na kuegemea. "Hapo sasa! Ulisema tusifungue mpaka watulie!"

Ningekuwa nimepona. Lakini nyuki mmoja alikuwa ameingia kwenye mguu wa suruali ile pana, akapanda, akapanda, akafika alikokusudia. Nikapiga ukelele. Nikaivua suruali na vyote vilivyokuwa chini yake, nikavitupa, nikajitumbukiza kwenye pamba kifudifudi.

Pamba ikakohoa.

Nikageuza shingo. Nyuma ya lile rundo, amejificha kwa heshima yangu, amekaa mama mkwe.

Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba sote wawili tulipiga kelele, na mlango haukufunguka.

"Umeumwa wapi, mwalimu?" mzee akauliza kutoka nje.

"Pabaya, baba!"

"Mwiba umo?"

"Umo, baba. Nitautoa mwenyewe nyumbani!"

"Hapana! Ulisema utolewe upesi, sumu inazidi kuingia. Ulisema usibanwe kwa vidole, ukwanguliwe. Ulisema na yeyote aliye karibu." Akafikiri kidogo. "Aliye karibu ni nani humo?"

Nikazidi kujizika kwenye pamba. Kisha nikasikia mama mkwe akishusha pumzi, kama mama anayekwenda kufunga ndama.

Mama huyu ana heshima kupita kiasi. Alijifunga kitenge usoni, akanigeuzia mgongo, akanyoosha mkono nyuma. "Nipe kitu cha kukwangulia," akasema. Nilichokuwa nacho ni kitambulisho. Nikampa. Akaanza kukwangua asichokiona.

"Kushoto, mama."

"Hapa?"

"Huo ni mgongo, mama. Shuka. Shuka tena. Samahani, mama. Hapo. Aii!"

Mwiba ukatoka, ukabaki kwenye plastiki, juu ya neno MKUFUNZI.

Mlango ulipofunguliwa nilikuwa nimeshavaa, ila pamba ilikuwa imenishika kichwa hadi kiatu. Minza aliniona akacheka mpaka akakaa chini. Mzee alininawisha uso kwa maji na sabuni, akaniwekea kitambaa cha maji baridi, akaniuliza kila mara kama napumua vizuri, maana nilisema pumzi ikibana ni hospitali mara moja. (Mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha. Nimemchukia.)

Mjomba Limbu akarudi, wazee wakakaa. Nilijua nimemkosa Minza. Mzee Ngassa akakohoa, akasema, "Mama mkwe akishayaona yale, huyu si mgeni tena. Ama aoe hapa, ama ahame mkoa." Kutoka ndani ya chumba cha pamba, sauti ya mama ikajibu, "Aoe. Nitateseka na siri hii peke yangu?"

Kwa hiyo nimekubaliwa, jamani! Naoa! Nina furaha, ingawa naandika nimesimama. Tatizo ni moja tu. Wakati naaga, baba mkwe alinishika mkono akauliza semina ijayo ni ya nini. Nikamwambia kuumwa na nyoka. Amesema anakuja, na safari hii anamleta mama.

Nimeomba uhamisho.