Rangi Nne za Coed Hirwen

Jumatatu, 13 Mei

Mazoezi ya kwaya jioni. Nimeimba vizuri mno. Hakuna aliyesema, lakini nilijisikia.

Wakati wa chai Delyth Pugh akatangaza mambo mawili. Kwanza, anatafuta mwanamume wa kuimba naye wimbo wa watu wawili kwenye eisteddfod, yale mashindano ya uimbaji, mwezi ujao, na ataamua mwisho wa wiki hii. Pili, Jumamosi anataka kwenda kuendesha baiskeli kwenye zile njia za msitu wa Coed Hirwen. Hajawahi kufika. Nani atamsindikiza?

Delyth ni mjane na anapokea wateja kwa daktari wa mifugo. Tangu siku alipomtuliza paka wangu kwa mkono mmoja huku akijibu simu kwa mwingine, sina raha. Nampenda. Haya, nimeandika.

Idwal Meredith akawahi kusema yeye yuko tayari. Idwal ni jirani yangu, dereva wa lori la maziwa, anaimba besi na ana shingo nene kama gogo. Hapo nikasikia mtu akisema kwamba baiskeli za milimani ndiyo maisha yake, na kwamba Coed Hirwen anaijua kama sebule yake. Nikageuka kumtazama mwongo huyo. Kumbe ni mimi!

Delyth akafurahi sana. Akasema basi yamekwisha, Emlyn, yaani mimi, ndiye atawachagulia njia. Idwal akanunia biskuti yake. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa shule ya msingi.

Jumanne, 14 Mei

Nimepata ramani ya Coed Hirwen. Naisoma katika duka langu la mazulia, nimeificha chini ya sampuli ya zulia. Mteja aliinua zulia akakuta milima. Nikamwambia ni toleo jipya.

Njia ni nne, kila moja na rangi yake. Kijani: kando ya mto, tambarare, watoto wanakaribishwa. Buluu: kilima kidogo na kona pana. Nyekundu: mawe, mizizi, miteremko, kwa wazoefu. Nyeusi: kwa mabingwa tu. Hiyo wameiwekea picha ya mtu aliye hewani, na baiskeli yake nayo iko hewani, lakini mahali pengine.

Mpango umeniingia papo hapo, mzima mzima. Idwal nitampeleka nyeusi. Nitamsifu mbele ya Delyth, atavimba kichwa, hataweza kukataa. Mimi na Delyth tutapita kijani, polepole, tukisikiliza mto, na chupa ya chai na bara brith ya mkono wangu mwenyewe, mkate mtamu wenye zabibu kavu za kutosha. Idwal atarudi vipande vipande. Mtu aliyevunjika mbavu haimbi besi.

Nimelala mchana kidogo kwa furaha. Duka lilikuwa wazi.

Alhamisi, 16 Mei

Nimeazima baiskeli ya dada yangu Menna nikafanya mazoezi uchochoroni nyuma ya duka. Kwenda mbele, hodari. Kusimama, bado. Nilisimamishwa na ua wa miti wa Idwal.

Akatoka na kikombe chake cha chai, akauliza kulikoni. Nikamwambia nakagua mizizi, maana njiani iko mingi. Akanitoa miiba mgongoni, sijui kwa nini ananifanyia wema. Nikatumia nafasi hiyo kumwambia nimemchagulia nyeusi, njia ya wanaume, fupi na tamu. Akauliza mimi nimeipita? Mara nyingi, nikasema. Akauliza kule juu kuna nini. Nikajibu kuna upepo.

Akasema sawa, atakwenda. Amekubali upesi mno. Simwamini hata kidogo mtu anayekubali upesi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimeoka bara brith. Imeungua chini, lakini hapo chini hapaonekani. Nimenunua kaptura ya baiskeli yenye godoro ndani. Nikijiangalia kwenye kioo naona mtu aliyekalia mkate.

Nimefanya mazoezi ya wimbo wetu, mimi na Delyth. Sehemu yake nimeimba mimi pia. Paka ametoka nje.

Jumamosi, 18 Mei

Siku gani hii! Naandika nikiwa nimeoga mara mbili, na bado nanuka.

Mvua tangu asubuhi. Tumefika Coed Hirwen, mimi nikakodi baiskeli na kofia ngumu. Delyth akateremsha baiskeli yake kutoka juu ya gari. Yake mwenyewe! Imekwaruzika kila mahali kama sufuria ya zamani. Ikabainika amekulia karibu na machimbo ya mawe ya vigae na kaka zake wanne, wakishindana kushuka milima tangu utotoni. Aliposema hajawahi kufika, alimaanisha hajafika hapa. Kwingine kote amefika. Mimi sikuuliza.

Akaniuliza, haya kiongozi, tunaanza na ipi? Nikasema kijani. Nikangoja acheke.

Hakucheka! Alinishika bega. Akasema watu wakifika mahali pageni hukimbilia nyekundu kwa ajili ya sifa, halafu wanatolewa kwa machela. Anayejua ndiye huanza na nyepesi, apashe miguu moto, aone ardhi ya mahali ilivyo, kisha apande rangi moja moja. Akasema anaona nimekomaa kwenye mchezo huu. Nikasema ni kawaida yangu.

Kisha nikamsifu Idwal kwa sauti, nikamwonyesha kibao cheusi. Akaondoka akipiga mluzi. Nilimhurumia kidogo, lakini haikudumu.

Njia ya kijani ilikuwa raha tupu. Mto, wanakondoo, daraja dogo la mbao. Delyth alitangulia, akawa ananisubiri kila kwenye kona, na kila nilipomfikia alikuwa anatabasamu chini ya ile mvua. Nilianguka mara moja tu, na nikadai nachunguza udongo. Nilitaka njia ile isiishe. Kidogo nimwambie ukweli wote.

Ikaisha. Akasema sasa nyekundu! Nikatazama juu: miti, mawe, ukungu. Nikasema yeye atangulie nyekundu, mimi nipande nyeusi nikamwangalie Idwal, maskini, isije ikawa ameumia. Akasema nina moyo mzuri. Akapotea kwenye miti kama swala.

Mimi nikakata kona ya kwanza, nikasukuma baiskeli hadi kwenye banda la kukatia manyoya ya kondoo. Mpango ulikuwa kukaa humo saa nzima, nijipake tope, nitokee mkahawani nikichechemea.

Nikafungua mlango. Idwal amekaa juu ya ndoo!

Tukatazamana. Akasema, “Usiniangalie hivyo, jirani. Nilifika pale juu nikachungulia. Ile si njia, ile ni paa la nyumba!” Kisha akashtuka. “Wee! Si ulisema umeipita mara nyingi? Mbona uko hapa?”

Nikamkatia bara brith. Akala hadi sehemu iliyoungua na akaomba kipande kingine. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba kipande cha pili. Kumbe naye anataka ule wimbo mpaka anakosa usingizi, na ile njia nyeusi aliikubali upesi kwa sababu tangu Alhamisi alipanga kuja kujificha. Tukapatana kusema tumeshuka nyeusi pamoja, bega kwa bega. Kwenye lango la malisho palikuwa na tope jingi, laini, la kutosha. Yeye akanipaka mgongo, mimi nikampaka masikio.

Tukaingia mkahawani kwa mikogo. Watu wakatupisha njia. Nilidhani ni heshima.

Delyth alikuwa amefika, ameshika kikombe, miguu yake imejaa tope la kijivu mpaka magotini. Akauliza nyeusi ilikuwaje. Tukajibu kwa pamoja, mimi kwa sauti yangu ya juu, ya tenor, yeye kwa besi: “Ya kutisha, lakini tamu!”

Akatusogelea. Akanusa bega langu, akanusa sikio la Idwal. Akatutazama vile anavyowatazama ng’ombe wanaojifanya wagonjwa. Akasema, “Nyie wazee, mlima wote huu kuanzia njia nyekundu kwenda juu ni mawe ya vigae matupu. Tope lake la kijivu, nitazameni miguu. Hilo lenu la kahawia, lenye majani majani, nalipangusa sakafuni kazini kila siku. Mmejipaka mavi ya kondoo.”

Mkahawa mzima ukasikia. Idwal akajitazama mikono. Mimi nikasema labda kondoo walipanda juu. Delyth akacheka hadi akashikilia meza, machozi yakamtoka, na mimi, kwa aibu yote ile, nikaona sijawahi kumfurahisha mtu kiasi hicho. Kwa hiyo nilifurahi. Nikadhani wimbo nimeshaukosa, lakini nilifurahi.

Alipopata pumzi akasema uamuzi ameshaufanya. Wimbo utakuwa wa watu watatu. Tangu Jumatatu alikuwa hajui achague nani, ila tulipodanganya pale mlangoni, tenor na besi zetu zililingana kuliko zilivyowahi kulingana kanisani, na itakuwa hasara kututenganisha. Sharti moja: tukaogee nje, kwenye bomba la kuoshea baiskeli.

Maji yalikuwa baridi kupindukia. Idwal aliniosha mgongo bila kuombwa.

Jumapili, 19 Mei

Viungo vyote vinauma, moyo umetulia. Baada ya ibada Delyth alinikatia keki mwenyewe. Kasema mwezi ujao anatupeleka Coed Hirwen tena, kijani mara mbili, kisha buluu tukijiheshimu. Akanisihi, mbele ya Idwal, kwamba kuanzia leo nikiwa sijui jambo niseme sijui, hakuna atakayenicheka. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote. Nimebadilika kabisa. Najihisi mwepesi.

Ndipo mpiga kinanda akaja kusema mkono wake umeteguka, na kwenye eisteddfod sisi watatu tutakosa wa kutupigia. Delyth akasikitika, akasema laiti tungepata mtu wa kupiga kinubi. Nikamwona Idwal anafungua mdomo.

Kabla hajasema neno, ikasikika sauti nyingine ikisema kwamba kinubi ndiyo maisha yake.

Delyth akanitazama mikono. Kisha akasema atakiazima kwa shangazi yake, kitafika Jumatano. Nimetafuta picha ya kinubi nikaisoma vizuri. Nyuzi nyingi, lakini hakuna cha kuogopa: nyingine zina rangi, nyekundu na nyeusi. Nitapiga nyeupe tu.