Simu Mpya Jikoni kwa Mama Godi

Leo nimeumbuka, na aliyeniumbua nimemnunua mwenyewe jana, kwa hiari yangu, nikamvalisha na kava. Simu. Bado ina harufu ya boksi.

Nitaeleza taratibu.

Wengi mnaijua simu yangu ya zamani. Kioo kimepasuka, inaita kwa sauti hata ukiikataza, na kile kitufe cha pembeni kilikuwa kimechoka. Ili skrini izime ilibidi ukibonyeze mara tano, sita, tena kwa hasira. Nimeishi nayo hivyo mwaka mzima, kidole kikazoea. Sasa leo nilikuwa naenda Elerai kuonana na mama yake Godlisten kwa mara ya kwanza. Godlisten ndiye mchumba wangu (Godi, kwa sisi tunaompenda). Na huyo mama alisharudisha mchumba mmoja kabla yangu. Kosa la yule dada? Aliongea na simu kuliko alivyoongea na watu. Basi nikaona simu yangu ya makelele itanirudisha kwetu kabla ya chai. Nikanunua mpya. (Bei sisemi, mama yangu anasoma humu.)

Nikiri kwamba jana usingizi ulikuwa wa shida. Simu ni nyepesi, inateleza kama sabuni, na inatii haraka mno. Hujagusa vizuri, imeshafanya. Picha zake zimenionyesha chunusi ambazo sikujua ninazo. Dada wa dukani aliiweka Kiswahili, kisha akanitaka nimpe namba za watu wangu wa karibu, eti nikipata tatizo simu itawaambia yenyewe. Nikampa ya mama na ya kaka yangu Lomayani. Akaanza kueleza itawaambiaje. Hapo sikusikiliza, nilikuwa najipiga picha.

Leo saa nne nimefika. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Simu nimeizima sauti, iko mfukoni mwa gauni, nimeapa sitaigusa. Mara Godi akatumwa kujaza mtungi wa gesi, nikabaki jikoni na mama, beseni la ndizi mbichi za kupikia supu ya mtori, na visu viwili.

Mama yule anamenya ndizi ganda linatoka jembamba, unaona hadi mwanga. Yangu yanatoka manene, na nyama ndani. Kwetu huku chini ya Meru tunamenya ndizi pia, ila hakuna anayekaa kukukagua. Mama alikuwa haangalii ndizi zangu kabisa. Alikuwa anaangalia maganda.

Simu ikatetemeka. Nikajua ni Godi. Na mimi nilikuwa na hamu ya mtu wa upande wangu, jamani, hata kwa maandishi tu. Mama akiwa amenipa mgongo nikaitoa kidogo. Kweli ni Godi: dukani gesi imeisha, anaenda mbali zaidi, je, nimeshapendwa?

Mama akageuka, kisu mkononi.

Skrini inawaka, nimeishika mbele ya kifua kama mtu anayeapa. Kidole changu kikafanya kile kinachokijua. Kikabonyeza kitufe mara sita, haraka haraka.

Mama akasema, "Weka hiyo simu chini, mwanangu. Leo humu jikoni hutoki." Akavuta kichane kingine cha ndizi, akakitazama, ndipo akamalizia, "Mpaka beseni hili liishe."

Nikairudisha mfukoni, nikamshukuru Mungu kwamba imezima.

Hazikupita dakika mbili ikaanza kutetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Mama akaniambia kuna mtu ananitafuta, nikamjibu ni makundi tu, mama, wanapenda kuchat. Nikamkumbuka yule dada aliyerudishwa. Nikaisukuma simu chini ya paja, nikaikalia. Ikaendelea kutetemeka huko huko, na mimi natabasamu, namenya, nahisi paja zima linakufa ganzi. Naapa sikuwahi kuogopa kitu nilichokilipia mwenyewe kiasi kile.

Cha kusikitisha ni kwamba mambo yalikuwa yanaanza kunyooka. Mama aliniuliza habari za watoto ninaowafundisha chekechea, akacheka mara moja. Akasema maganda yangu sasa yana unafuu. Nikapumua.

Hapo ndipo geti likagongwa kwa fimbo.

Nikatoka mbio kufungua kwa sababu sauti niliijua. Kaka yangu Lomayani, ambaye asubuhi nilijua yuko sokoni Kwa Mrombo anauza maharage, amesimama na binamu zetu wawili, shuka mabegani, fimbo mikononi. Nyuma yao dereva wa bodaboda ameshika jiwe. (Huyo hata hatumjui. Alisikia habari njiani, akaguswa.)

Kaka yangu ni mzee wa kanisa, husalimia hata asiowajua. Leo hakusalimia.

"Nai, toka humo," akasema. "Simama nyuma yangu."

Nikamuuliza kuna nini. Kabla hajajibu, mama akatokea mlangoni kuangalia wageni, kisu bado anacho. Wanaume wote wanne wakarudi hatua moja. Hata wa jiwe.

Lomayani akanionyesha simu yake. Ujumbe kutoka kwangu: nina dharura, nahitaji msaada, na ramani ya kufika. Chini yake picha mbili ambazo sikupiga mimi. Ya kwanza ni uso wangu, macho yamenitoka. Ya pili ni mama, amepigwa kutokea chini, kisu kiko juu. Halafu sauti. Nikamwomba asiiwashe. Akaiwasha, majirani wameshajaa kwenye uzio, na uwanja mzima ukamsikia mama: "Weka hiyo simu chini, mwanangu. Leo humu jikoni hutoki."

Ikakatika hapo. Ya beseni la ndizi hayakuingia.

Wa bodaboda ndiye aliyeelewa kwanza. Akatupa jiwe chini, akaniuliza kwa upole kama nilibonyeza kitufe mara tano. Simu hizi mpya, akasema, ukifanya hivyo zinajua unavamiwa. Nikafungua yangu. Mama yangu amepiga mara ishirini na tatu. Ujumbe wake unasema ameshapiga yowe, majirani wako uani kwetu wanaomba Mungu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Godi akaichukua simu ya kaka, akaisogeza mbali na macho, akaitazama ile picha yake muda mrefu. Nikajua nimerudishwa.

"Mmetoka wapi?" akauliza.

"Kwa Mrombo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na mmetumia muda gani?"

"Hata nusu saa haikufika."

Kisha akamtaka kaka amtumie vyote, picha na sauti, akamtajia namba. Akawaambia waoshe mikono, beseni bado halijaisha. Godi alirudi na mtungi akakuta wanaume wanne wamekaa jikoni kwao wanamenya ndizi. Hakuuliza. (Maganda ya Lomayani ni membamba kuliko yangu.)

Sasa niko nyumbani. Godi amenitumia alichokiandika mama yake kwenye kundi la ukoo wao, Machame kwao yote imo, chini ya ile picha ya kisu: "Huyu aliyenipiga picha ni mkwe wangu. Mkikutana naye mumheshimu, ana watu."

Ameandika mkwe. Nimelisoma hilo neno hadi nimelia kidogo, sidanganyi. Ukoo mzima unacheka, na najua na nyie mmeshaanza.

Chekeni. Ila kutoka Kwa Mrombo mpaka kwenu si mbali.