Mume wa Mama Mwaba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ushindi! Televisheni imekubali. Mchezo wa jukwaani wa Victorine, ule uliowaliza watu wa Lubumbashi mwaka jana, utakuwa filamu ya sehemu sita, na msimamizi ni mimi, Osée. Mke wangu Deborah atabaki kuwa Mama Mwaba, mwanamke wa mtaa wa Katuba anayemngoja mume aliyekwenda kuchimba madini Kambove. Anangoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Mume haji. Watu wanalia, kisha wanapiga makofi. Sijawahi kuelewa kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Shida. Mchezo ni mfupi, sehemu sita ni ndefu. Nimepata dawa: mume arudi. Nani amcheze? Nimejitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

Nimekwenda kwa Victorine. Ameniuliza kama nimewahi kuuona mchezo wake. Nimesema mara nyingi. Akaniambia baba yake mwenyewe alitoka asubuhi kwenda Kambove, na mama yake aliendelea kumwekea sahani mpaka siku alipokufa. Mume akirudi, amesema, hakuna mchezo.

Nimemwonea huruma. Nimemwambia sawa. Nimerudi nyumbani nikaandika mume anarudi, juu yake nikaandika: ndoto.

Alhamisi, 6 Machi
Lydie wa televisheni, atakayeongoza filamu, ameuliza ndoto ni ya nani. Ya Mama Mwaba. Mbona basi yuko macho, anakula? Swali gumu. Nimeongeza pacha wa mume. Sasa sijui aliyepotea Kambove ni yupi.

Jumamosi, 8 Machi
Sikukuu ya wanawake. Deborah amevaa kitenge kipya, amekwenda kuandamana. Mimi nimekwenda kwa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, ambaye nyumba yake inafaa kwa filamu. Atatupa nyumba, lakini anataka kucheza. Kucheza nani? Mume. Anasema ana sura ya mtu aliyetoka safari. Naona tumbo la mtu ambaye hajawahi kutoka mezani.

Nimekubali. Nitamweleza polepole kwamba yeye ni pacha.

Jumanne, 11 Machi
Sikumweleza. Deborah pia sikumwambia lolote. Nilitaka mshangao wa kweli.

Lydie ameanza kupiga picha nyumbani kwa Kambale; Victorine amekuja kutazama. Deborah amekaa mezani, mbele yake sahani mbili za bukari na mboga. Nimeingia kwa mlango wa mbele, koti la safari mwilini, valizi mkononi. Wakati huohuo Kambale ametokea jikoni, suti nyeupe, miwani ya jua.

Tumesema kwa sauti moja: “Mama Mwaba, nimerudia.”

Deborah ameniangalia. Amemwangalia Kambale. Ameivuta ile sahani ya pili karibu yake, ameifunika vizuri, kisha akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani:

“Haiko nyinyi niko nangoja. Mutoke, mufunge mulango.”

Tumetoka. Tumefunga mlango. Kambale ameniuliza kama hiyo ilikuwa imeandikwa. Ndani nimesikia mtu analia. Ni Victorine.

Lydie ametoka baadaye. Amesema huo ndio mwisho wa sehemu ya kwanza. Zinazobaki ataziandika Victorine mwenyewe, na mume hatakuwamo. Nimeuliza kazi yangu sasa ni ipi. Amefikiri. Amesema nizuie watu wasipige kelele nje.

Nyumbani Deborah hakunigombeza. Ameniita kwa jina la mtoto wetu, akasema: “Papa Plamedie, wakati uliingia ndio nilijua kabisa. Ule bwana wa Mama Mwaba hatarudia.” Alikuwa na machozi.

Nimemwuliza kama koti lilinikaa vizuri.

Jumapili, 27 Aprili
Sehemu ya kwanza imeonyeshwa jana. Leo baada ya misa watu wamemzunguka Deborah. Wanamshika mikono. Victorine amesimama karibu naye. Mama mmoja nisiyemjua amenivuta pembeni, akaniambia nirudie kwa mke wangu, nipige magoti, nimuombe radhi. Mwingine amekataa kunisalimia.

Sasa naelewa. Mji mzima unamdai mume.

Nimeanza kuandika mchana huu. Sehemu kumi na mbili. Mume anashuka kwa ndege pale Luano, na pacha wake ndiye rubani. Kambale amekubali, bora miwani ibaki. Victorine sitamwambia mpaka nimalize, nataka afurahi.